Kiwanja cha Pembezoni: Angalia Haya Kabla Hujatoa Hela

Kila ikikaribia Desemba, watu wakishapata bonasi au zamu yao ya mchezo ikiwafikia, simu yangu haipumziki. "Dada, huko kwenu Goba bado kuna viwanja?" Vipo. Ila kwa bei wanazonitajia, itabidi wavuke mpaka wa mkoa.

Na ndiko watu wanakoelekea. Sensa ya 2002 iliikuta Dar es Salaam na watu karibu milioni 2.5. Ya 2012 ikakuta 4,364,541, na ya 2022 ikakuta 5,383,728. Ukisoma haraka utadhani jiji limeanza kupunguza mwendo. Hebu tazama jirani: Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye wakafika 2,024,947. Wamo humo watu wanaofungua duka Kariakoo asubuhi na kulala Kiluvya, Mapinga, Vikindu au Mwandege. Wenyewe ukiwauliza wanaishi wapi, watakwambia Dar.

Mimi nilifika Goba wakati barabara ya kwenda Mbezi ni vumbi tupu, mikorosho huku na huku, na kenge wakikatiza mchana kweupe. Nimeuona mtaa ukijaa nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo anayeniuliza habari za kiwanja namwambia jambo moja: usikitazame kama kilivyo leo. Leo hakina majirani. Wanakuja, wengi, na haraka kuliko unavyodhani, na kila mmoja anakuja na ukuta wake, bati lake na choo chake. Swali la kujiuliza ni kitabaki kuwa kiwanja cha namna gani wakishafika wote.

Anza na njia. Shamba la mikorosho huku kwetu linauzwa vipande. Mzee ana ekari mbili. Anamkatia wa kwanza ishirini kwa ishirini upande wa mbele, anapata ada za watoto. Mwaka ujao mama anaumwa, anakata kingine nyuma yake. Kipande cha sita kikiuzwa, njia ya kuingilia bado ni ile ile aliyokuwa akipitishia baiskeli yake ya mkaa. Kila mnunuzi anapandisha ukuta mpaka ukingoni mwa eneo lake, na ukimuuliza atakuonyesha karatasi.

Sisi tulionunua kwa mzee mmoja tulikubaliana kukutana kabla tofali la kwanza halijashushwa. Tukaazima kamba ya kufungia mbuzi, tukachonga vijiti vya mjohoro, tukaweka njia ya mita sita, kila upande ukitoa tatu. Mmoja wetu, fundi magari mstaafu, akagoma kabisa. "Mimi nimenunua ardhi, sikununua barabara." Hatukugombana naye. Ukuta wake ukapanda, njia pale kwake ikabana kama shingo ya chupa. Ikafika siku ya kumwaga jamvi, akaagiza boza la maji. Dereva akasimamisha gari mbali, akashuka, akapiga hatua mbili tatu huku na kule, akakuna kichwa. "Shikamoo mzee wangu. Hapa mimi sirudishi gari kinyumenyume. Labda umwite wa bajaji." Maji ya bajaji, kwa madumu ya lita 20, kwa jamvi la vyumba vinne, na mafundi wameshafika wanadai posho! Haikupita wiki kona ya ule ukuta ikawa imebomolewa, na aliyeshika nyundo ni yeye mwenyewe. Leo ndiye mkali kuliko wote mtu akimwaga mchanga njiani.

Kwa hiyo njia iandikwe ndani ya mkataba wa mauziano: upana wake kwa mita, ipo upande gani, na kwamba muuzaji hataiuza. Majirani wa mipaka wasaini. Njia ya maneno inakufa na mzee. Watoto wake wakirithi wanauza mpaka hapo unapopitisha gari. Na mkipima, pimeni kwa futikamba. Dalali anapenda kupima kwa miguu, na sijapata kuona dalali mwenye hatua ndefu siku ya kuuza.

Maji ndiyo yanayoumiza zaidi, maana ukuta unaweza kuubomoa lakini bonde hulihamishi. Dar inapata mvua mara mbili, masika kuanzia Machi mpaka Mei na vuli kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Ukionyeshwa kiwanja Agosti, kila mahali ni pazuri. Mwambie dalali utarudi. Rudi siku mvua imenyesha usiku kucha, vaa mabuti, tembea kuanzia juu ya mlima kushuka mpaka chini ya kiwanja, uone maji yanapita wapi.

Kama huwezi kusubiri mvua, ardhi yenyewe itakusimulia. Penye matete, magimbi, au mchicha uliostawi Septemba bila mtu kumwagilia, pana maji chini. Angalia nyumba za jirani: plasta imebanduka na kuacha mstari ulionyooka usawa wa goti? Hiyo si rangi mbaya, ni kimo cha mafuriko. Mizizi ya mkorosho ikiwa imebaki juu, udongo umeshachukuliwa na utaendelea kuchukuliwa. Na uliza bila aibu gari la maji taka linakuja mara ngapi kwa mwaka. Chimbo la choo likijaa kila baada ya miezi michache kwa familia ya watu wanne, maji ya ardhini yako karibu, na wewe utahangaika hivyo hivyo. Kibaya zaidi ni kukaa chini ya mtu anayesubiri mvua kubwa ili atapishe choo chake. Usiku huo utaijua harufu ya jirani.

Kuna wanaokwambia, "Hapa tangu nizaliwe hapajawahi kujaa maji." Wanasema kweli, lakini kweli ya zamani. Ardhi ya kichanga yenye mikorosho ilikuwa inayanywa maji. Kila bati linaloezekwa huko juu, kila uwanja unaotandikwa pevingi, kila njia inayoshindiliwa, yale maji yaliyokuwa yanazama sasa yanashuka. Mimi mwenyewe nimeuona mfereji wa mtaa wetu ukianza kama ufa wa kuruka, sasa umewekewa daraja la magogo. Hakuna aliyeuchimba.

Desemba 2011 mvua zilipoishukia Dar zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, na serikali ikawagawia viwanja Mabwepande baadhi ya waliokuwa wakiishi mabondeni. Wakati huo Mabwepande watu walikuita porini. Nenda leo uone. Sheria nayo iko wazi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Bei ya bondeni ni rahisi kwa sababu hiyo, na anayekuuzia anaijua.

Sasa karatasi. Hapa nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu watu wengi wanaamini mhuri.

Barua ya serikali ya mtaa inathibitisha kwamba mmeuziana mbele ya mashahidi. Haithibitishi kwamba eneo ni la makazi. Hiyo inajulikana halmashauri, idara ya ardhi na mipango miji, kwenye mchoro. Simama kwenye kila pembe ya kiwanja, chukua koodineti kwa simu yako, zipeleke wakuangalizie: ni makazi, ni shule, ni eneo la wazi, ni hifadhi ya barabara, au ni mkuza wa nguzo kubwa za umeme? Ukiambiwa kiwanja kimepimwa na kina hati, omba upekuzi kwa msajili wa hati ujue jina ni la nani na kama benki haijakishika. Haya yanachukua siku chache na hela kidogo ukilinganisha na tofali.

Waliokuwepo 2017 watakumbuka Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kibaha. Nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo pale ni zaidi ya mita 100 kila upande, ziliwekewa alama ya X na kuangushwa ili barabara ipanuliwe. Nyingine zilikuwa za ghorofa. Zilikuwa na umeme, zilikuwa na maji, zilikuwa zimelipiwa kodi ya majengo miaka nenda miaka rudi. Mita ya LUKU siyo hati. Bomba la DAWASA siyo hati. Huduma inafuata watu walipo. Haiulizi wamekaa kihalali au la.

Ukivuka kuingia Pwani, uliza kwanza kama unachouziwa ni ardhi ya kijiji. Ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, na mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka ya kukugawia peke yake hata awe rafiki yako kiasi gani. Omba muhtasari wa kikao cha kijiji kilichokubali ugawiwe. Ukiona wanakwepa kukuonyesha, panda daladala urudi zako.

Kisha familia ya muuzaji. Mashamba mengi ya pembezoni ni ya urithi, na kijana anayekuonyesha mipaka kwa kujiamini anaweza kuwa mmoja kati ya ndugu tisa. Dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na uonane na msimamizi mwenyewe. Kama mzee yupo hai, mke asaini. Wake wote, si yule uliyemkuta anakoboa mpunga uani. Kuna mtu mtaani kwetu alishaweka linta ndipo mke mkubwa akatokea Kisarawe, mpole kabisa, na cheti chake cha ndoa ndani ya mfuko wa rambo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Walimalizana kwa kulipa mara ya pili.

Usafiri nitausema kwa ufupi. Dalali atakwambia "dakika tano kutoka lami". Ni tano za bodaboda. Nenda Jumatatu, uwe kituoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, uende mpaka kazini kwako na urudi jioni na wengine. Utaona watu wanapanda gari linaloelekea mwisho wa ruti, wanalipa, ili wageuze nalo wakiwa wamekaa. Hiyo ni nauli mbili kwa safari moja, iweke kwenye hesabu. Weka na boda ya usiku, na ile siku daladala imekata ruti na kuwashusha njiani. Halafu zidisha kwa watu wa nyumbani wanaotoka kila siku, watoto wakiwemo, kwa sababu shule ya msingi ya karibu inaweza kuwa imeshajaa kabla hujafika.

Ukipiga hesabu hiyo vizuri, huenda ukagundua chumba na sebule cha Tabata kinakulipa zaidi kwa miaka mitano ijayo, hata kwa kodi ya miezi sita sita. Hakuna ubaya. Huku mjini tumezoeshana kwamba mpangaji ni mtu ambaye bado hajajitambua, na maneno hayo yamewapeleka wengi kujenga mahali wasipoweza kuishi. Nawajua wenye nyumba nzuri kabisa Visiga, wamemwachia shamba boi, wao wamepanga Kimara.

Lakini ukishaamua, na kiwanja kimepita mitihani hii, usisubiri bei ishuke. Haishuki. Stendi ya mabasi ya mikoani ilipohamia Mbezi Luis mwaka 2021, huku Goba wenye viwanja walizima simu wiki nzima, walipowasha bei ilikuwa nyingine. Panga chumba hapo hapo mtaani hata kwa msimu mmoja wa mvua kabla ya kujenga. Ndiyo namna ya kuwajua majirani, mwenyekiti, fundi mwizi na fundi mwaminifu. Zungushia mipaka kitu kinachoonekana, michongoma au hata nguzo fupi za zege, maana kiwanja kisicho na alama kinauzwa tena. Peleka mahindi, panda mpapai, mtu akipita aone pana mwenyewe. Na urasimishaji, yaani kupimwa na kupewa hati kwa mtaa uliojengwa bila kupimwa, ukifika kwenu, hudhuria mikutano, lipa mchango wa upimaji mapema, hakikisha ile njia ya mita sita imechorwa kwenye ramani kabla mpima ardhi hajafunga daftari. Hati ikitoka utalipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Lipa, na risiti zitunze pamoja na mkataba, si kwenye simu tu.