Mtoto wa Muheza na Tunda la Kijani

Juzi dada mmoja wa Mombasa kaniandikia. Kapata ufadhili wa kwenda kusoma Japani, anauliza ajihadhari na nini. Habari za makoti na tetemeko la ardhi watakueleza wengine, dada yangu. Mimi nakwambia jihadhari na machungwa.

Msicheke. Mimi mtoto wa Muheza, nimekulia chini ya michungwa, nimepanga matenga kando ya barabara ya Segera hadi Tanga. Nilipofika mkoa wa Oita, kisiwani Kyushu, nilijua nitafundishwa mengi, ila si chungwa. Septemba hiyo nikakuta sokoni matunda ya kijani, mviringo, saizi ya chungwa dogo, bei ya kutupa. Kwetu chungwa la kijani ndilo chungwa: joto la pwani haliliachi ligeuke rangi hata likiiva. Nikabeba mfuko mzima mpaka chuoni. Mbele ya wenzangu nikamenya moja kwa kuzungusha kisu, nikakata kofia, nikafyonza kwa nguvu zangu zote.

Kumbe ni kabosu. Ndimu yao! Huchumwa kijani makusudi, harufu ikiwa bado kali, kisha hukamuliwa juu ya samaki wa kuchoma au kwenye supu. Ikiachwa mtini hugeuka njano. Macho yalinitoka machozi, na darasa zima likaangua kicheko. Kuna mwenzangu mmoja ananiita Kabosu hadi leo, mwaka wa sita huu. Huwa natabasamu. Sijasahau.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: uliza kabla hujanunua. Wa pili: ukishanunua, uliza tena kabla hujamenya.

Sitawachosha na miaka miwili iliyofuata. Nilijifunza kwamba sudachi, ndimu yao nyingine ya kijani, ni ndogo kuliko kabosu na karibu zote hutoka mkoa wa Tokushima, na kwamba ukiwa Oita usithubutu kuzichanganya hizo mbili, utanuniwa mchana kutwa. Hassaku, jamii ya chungwa iliyogunduliwa karne ya 19 kwenye hekalu la kisiwa cha Innoshima, ina uchungu wa mbali, na kila kipande lazima ukivue utando wake. Ukiila na utando umeikosa. Yuzu, lile tunda lao chachu la jamii ya limau, huenda mnaijua, lakini hamjui kwamba ukipanda mbegu utasubiri mpaka uzeeke. Wajapani wenyewe husema mpichi miaka 3, yuzu mpumbavu miaka 18. Halafu kuna daidai. Hiyo ni danzi letu, danzi lilelile la kutengenezea achari! Wao huliweka juu ya mapambo ya Mwaka Mpya, kwa sababu tunda hukaa mtini miaka na jina lake linasikika kama "kizazi hadi kizazi". Nilipoliona nilitamani kumpigia mama simu.

Sasa mwezi Machi uliopita nilialikwa Miyazaki, mkoa wa jirani upande wa kusini. Bibi mwenye nyumba akaleta sinia la hyuganatsu, tunda la njano kama limau, ambalo mti wake wa kwanza ulionekana huko huko mwaka 1820. Wageni wawili kutoka Tokyo wakaanza kumenya kwa vidole na kutupa ile nyama nyeupe ya chini ya ganda. Mimi safari hii niliuliza. Bibi akasema nyeupe ndiyo tamu, unatoa ganda la juu tu, jembamba, kwa kisu, kisha unakata vipande na kula pamoja na weupe wake.

Ganda la juu tu, kwa kisu! Ndugu zangu, niliomba kisu. Ganda likashuka mkufu mmoja mrefu, halikukatika, likafika mezani. Wale wa Tokyo wakaacha kutafuna.

Nyinyi mnaojaza fomu za ufadhili usiku na mchana, mnakwenda kule mkidhani mlichojifunza nyumbani hakina kazi. Mnaona haya hata kushika kisu! Mnaona haya kuuliza! Mimi niliona haya miaka yote ile, na faida yake ni jina la Kabosu. Ulizeni, na vyenu mvioneshe.

Bibi aliliinua lile ganda kwenye mwanga, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikajibu kwa kifua mbele: Muheza.

Akafikiri kidogo, kisha akauliza Muheza iko upande gani wa Miyazaki.