Muulize Fundi: TY175 ya 1976 imelala bandani, spea ntazitoa wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Leeds huku Uingereza, kwetu Tanga. Jirani yangu mzee mmoja wa Kiingereza alikuwa anapunguza vitu bandani kwake akaniuzia kwa bei ya kishkaji pikipiki ya Yamaha TY175 ya 1976, anasema hajaiwasha tangu mwanae aoe, na huyo mwanae sasa hivi ana watoto wako chuo. Kiki haishuki hata kidogo, imeganda. Tangi lina kutu, shokapu za nyuma zimekufa, na kuna mtu huko nyuma alishang'oa ile pampu ya oili. Nimeanza kutafuta spea mtandaoni nimechanganyikiwa, pistoni ile ile nimeiona kwa bei tatu, mmoja anasema ya Yamaha DT175 inaingia mwingine anasema usithubutu. Nataka kuiendesha kwenye mashindano ya pikipiki za zamani, si kuiweka sebuleni. Nianzie wapi?
*Msomaji, Leeds*

JIBU: Marahaba mwanangu, umepata kitu. Kwa wale wasioijua, hii ni pikipiki ya traiali, mchezo ambao hakuna kukimbizana, unapita juu ya mawe na mizizi na mtoni taratibu kama mtu anayetembea, ukigusa chini na mguu mara moja pointi moja, mara mbili mbili, tatu na kuendelea tatu, ukishindwa kabisa tano, na mwenye pointi chache ndo mshindi. Hizo TY zina mkono wa Mick Andrews, Mwingereza aliyeshinda yale mashindano ya siku sita ya Fort William kule Uskoti miaka mitatu mfululizo, 1970 mpaka 1972, akiwa na OSSA ya Kihispania, Yamaha wakamchukua, akashinda tena 1974 na 1975 na ya kwao. Kwa hiyo usiidharau kwa vile ina kutu.

Sasa kwanza kabisa acha kununua. Najua mkono unawasha, ila mtu anayenunua kabla hajafungua injini ananunua mara mbili. Na usiirukie hiyo kiki, utavunja meno ya ndani bure. Toa plagi, mimina dizeli kidogo iliyochanganywa na oili ya gia ya otomatiki, iache wiki nzima, kila siku ongeza kidogo, halafu shika nati ya flaiwili kwa spana uende mbele na nyuma polepole, milimita kwa milimita. Ikikataa, fungua hedi uangalie kwa macho, na kama pistoni imeshikana na silinda igonge kwa kipande cha mti, si kwa chuma.

Ikishazunguka utasikia raha utake kuiwasha. Usiiwashe! Injini ya tustroki inavuta hewa na mafuta kupitia chini kwenye krenki, na pale kuna sili mbili za mpira, moja upande wa flaiwili na nyingine upande wa klachi, na zikikaa miaka yote hiyo zinakauka zinakuwa ngumu kama kwato. Ya upande wa flaiwili ikipitisha hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, injini inapanda mlio yenyewe hata ukifunga gesi na mwisho pistoni inaungua. Ya upande wa klachi ikifa injini inaanza kunywa oili ya giaboksi, utaona moshi mweupe hauishi na we utahangaika na kabureta mwezi mzima wakati kosa liko kwingine kabisa. Nimeona mafundi wazuri tu wakibadilisha kabureta tatu kwa ajili ya kijisili cha bei ya soda. Weka sili mpya zote mbili, na flaiwili itoe kwa pula yake, kile kifaa cha kuivutia nje, nyundo iache kwenye boksi.

Kuhusu kununua, sikiliza vizuri hapa maana ndo pesa yako inapookoka: usinunue kwa jina la pikipiki, nunua kwa namba na kwa kipimo. Namba ya spea ya Yamaha ina vipande, zile herufi au tarakimu tatu za mwanzo ni alama ya modeli ambayo spea ilichorewa kwanza, tano zinazofuata ni kitu chenyewe, mfano 11631 ni pistoni, 11610 ni seti ya ringi. Zinazoanza na 931 ni sili za mafuta na 933 ni beringi, na hizo si za pikipiki moja, ni saizi za kawaida. Beringi ina namba yake pembeni, ukikuta imeandikwa 6204 basi ni milimita 20 kwa 47 kwa 14, tundu, nje na unene, popote duniani, nenda duka la beringi la kawaida pale Leeds utalipa kidogo kuliko yule anayekuuzia "beringi ya TY ya zamani adimu sana".

Na hiyo habari ya DT: wote wawili wana ukweli. TY175 na DT175 za miaka ile ni ndugu, zote silinda ina kipenyo cha milimita 66 na mwendo wa pistoni 50, yaani cc 171, ila ndugu si pacha, na DT zilizokuja baadaye zilibadilishwa mambo mengi. Toa pistoni yako, pima kipenyo, pima pini, pima urefu kutoka pini mpaka juu, angalia madirisha na sketi, halafu linganisha na ile ya DT. Na usimpe fundi achonge silinda kabla hajashika pistoni mpya mkononi.

Kwa vile pampu imeng'olewa hakikisha tundu lake limezibwa vizuri, na kuanzia leo unachanganya mwenyewe oili na petroli, kwa oili nzuri ya sasa hivi 40 kwa 1, yaani mililita 125 za oili kwenye lita 5 za petroli. Andika kwenye tangi kwa maka peni, siku moja mtu ataiazima aweke petroli tupu. Tangi lenyewe jaza siki uliache siku mbili tatu, tumbukiza na kipande cha cheni utikise, suuza na magadi, kausha haraka. Tairi ni 2.75-21 mbele na 4.00-18 nyuma, za traiali zenyewe, za motokrosi hawatakuruhusu. Shokapu nunua mpya, za zamani hizo ni mapambo.

Spea za mkono wa pili nenda Stafford huko huko Uingereza, maonyesho ya pikipiki za zamani ya Aprili au Oktoba, nenda asubuhi na mapema ukiwa na spea yako mbovu mfukoni na kalipa ya kupimia. Na muulize yule mzee kama ana V5C, ile hati ya usajili ya Uingereza, mana'ke traiali nyingi hazikuwahi kusajiliwa barabarani na mashindano mengine yanakatiza barabara. Ikishasajiliwa, kwa umri wake uliopita miaka 40 unaweza kuombea isilipiwe kodi ya barabara.

SWALI: Fundi habari. Karakana ya mission hapa Iringa ilifungwa nikaachiwa boksi la spea za DT175, pistoni, ringi, sili, gasketi, mengine bado yako kwenye paketi. Kuna jamaa kasema Ulaya zinatafutwa. Ni kweli au ananipanga?
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Hakupangi, ila si zote. Pistoni na ringi ndo mali, hasa zenye paketi ya Yamaha na namba inasomeka, na angalia kama ni stendadi au ni za kuongeza kipenyo milimita 0.25, 0.50 na kuendelea, mnunuzi atauliza hilo kabla ya salamu. Sili za mpira zilizokaa miaka 30 kwenye joto zitupe, usimuuzie mtu matatizo. Piga picha namba, usiseme "inaingia TY", sema namba tu na vipimo, mwenye TY yake atajua. Yule wa Leeds hapo juu kama anasoma basi mmeshaonana.

SWALI: Nina pikipiki ya zamani ya traiali, Bultaco Sherpa, tangi la faibaglasi. Ndani limeanza kunata kama asali na kabureta inaziba kila wiki. Nini hiki?
*Msomaji, Reading*

JIBU: Ni petroli. Huko kwenu tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ni E10, ina ethanoli mpaka asilimia 10, na ethanoli inayeyusha gundi ya faibaglasi za zamani, hiyo asali ndo tangi lako lenyewe linashuka kwenye kabureta. Hata E5, yenye ethanoli mpaka asilimia 5, inalila, polepole tu. Mimina yote leo, osha kabureta mpaka kwenye jeti, halafu chagua: kulipaka ndani dawa inayohimili ethanoli, au kununua tangi la aluminiamu, yapo ya kuchongwa ya Sherpa. Mimi ningenunua la aluminiamu na hilo la zamani nikalitundika ukutani.