Maswali ya Wasomaji: Boriti ya geti inahama kwenye nguzo, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa kidato cha tano Morogoro, natengeneza gemu ya daladala kwa lugha ya Python na Pygame, maktaba yake ya kutengenezea gemu. Daladala ikifika getini ile boriti inatakiwa inyanyuke, yani mwisho wa kushoto ubaki palepale kwenye nguzo, wa kulia ndo upande juu. Nimetumia pygame.transform.rotate lakini boriti inachezacheza, inatoka kwenye nguzo, alafu baada ya muda inakua kubwa na kufifia mpaka haieleweki. Nimetafuta sehemu ya kuiambia izungukie wapi sijaiona. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujaiona kwa sababu haipo. Hiyo fanksheni inapokea vitu viwili tu, picha na pembe, basi, inakurudishia picha mpya iliyozungushwa na haijui chochote kuhusu nguzo yako wala hata picha itachorwa wapi kwenye skrini. Kuiweka mahali pake ni kazi yako we mwenye gemu, na watu wengi wanakwama hapa kwa sababu wanadhani kuzungusha na kuweka ni kitu kimoja.

Tuanze na hilo la kukua maana ndo rahisi. Picha kwenye kompyuta siku zote ni mstatili ulionyooka, hauwezi kulala upande, kwa iyo ukizungusha kitu kilichomo ndani Pygame inabidi itafute mstatili mkubwa zaidi utakaobeba kona zote. Chukulia boriti yako ina upana wa pikseli 200 na urefu wa 20, ukiipeleka digrii 45 unapata picha ya karibu 156 kwa 156, na sehemu kubwa ya hapo ni nafasi tupu. Sasa naona kwenye kodi yako umeandika picha = pygame.transform.rotate(picha, 1) ndani ya lupu (sehemu ya kodi inayojirudia), maana yake kila fremu, yani kila mara skrini inapochorwa upya, unaichukua ile iliyokwisha kuzungushwa, pamoja na nafasi yake tupu, unaizungusha tena, inaongezewa nafasi nyingine juu ya ile. Picha ya mraba kwa mtindo huo kwenye fremu 60, yani sekunde moja tu, inazidi mara mbili ya ilivyokua, na pikseli zinakadiriwa upya kila mara ndo maana inafifia. Dawa yake ni moja: picha ya asili usiiguse kabisa. Kinachobadilika ni namba ya pembe, na kila fremu unazungusha kutoka kwenye ile ya asili. Na wakati wa kuipakia malizia na convert_alpha(), inayotunza sehemu zisizo na rangi zibaki wazi, la sivyo zile kona tupu zinaweza kujazwa rangi ukaona boriti ina kiboksi nyuma yake.

Haya, sasa nguzo. Fikiria mlango wa nyumbani, bawaba haiendi popote, ila katikati ya mlango panahama kila ukiufungua, panachora duara kuizunguka bawaba. Boriti yako ni hivohivo. Ukijua katikati ya picha panatakiwa kuwa wapi kwa kila pembe umemaliza, maana Pygame inakubali kuweka mstatili kwa kutumia kati yake, na hiyo kati haiathiriki na picha kukua, inakua pande zote sawasawa.

Sasa chora kwenye karatasi kabla hujaandika kodi, nakuomba sana ufanye hivi. Bawaba tuseme iko pikseli 10 kutoka ukingo wa kushoto wa boriti. Katikati ya picha ni pikseli 100 kutoka ukingo huohuo. Kwa iyo kutoka bawaba mpaka kati kuna mshale wa pikseli 90 kwenda kulia, na sifuri kwenda juu au chini. Huo mshale ndo siri yote. Boriti ikizunguka digrii 30 mshale nao unazunguka digrii 30, urefu wake unabaki 90, mwelekeo tu ndo unabadilika. Nguzo ikiwa kwenye 300, 400 ya skrini:

bawaba = pygame.math.Vector2(300, 400)
mshale = pygame.math.Vector2(90, 0)

alafu ndani ya lupu (asili ni ile picha usiyoigusa):

mpya = pygame.transform.rotate(asili, pembe)
kati = bawaba + mshale.rotate(-pembe)
mstatili = mpya.get_rect(center=(round(kati.x), round(kati.y)))
skrini.blit(mpya, mstatili)

Angalia vizuri ile alama ya kutoa kabla ya pembe kwenye mshale, hapo ndo wengi wanapotea, ukiisahau boriti inapanda huku kati yake inashuka. Sababu ni kwamba kwenye skrini y inahesabiwa kutoka juu kwenda chini, tofauti na grafu za darasani. transform.rotate ukiipa pembe chanya inazungusha kinyume cha mwendo wa saa kama unavyoona kwa macho, lakini vekta, yani ule mshale, inafuata hesabu za darasani, kwa iyo kwenye skrini inaonekana inaenda na saa. Ukigeuza alama vinakubaliana.

Hakiki kwa mkono. Pembe 30, mshale unakua 77.9 kulia na 45 juu, kati inakua karibu 378, 355. Pembe 90, mshale wote unaelekea juu, kati ni 300, 310, boriti imesimama wima juu ya nguzo na pikseli 10 za mwisho ziko chini ya bawaba, sawa kabisa na ilivyokua imelala. Boriti ikitikisika kwa pikseli moja usishtuke, Rect, yani mstatili wa Pygame, inashika namba nzima tu, desimali hazikai humo.

SWALI: Mwalimu, nimeamua kukokotoa mwenyewe kwa math.cos na math.sin badala ya vekta, nikiweka 30 kitu kinaruka sehemu ya ajabu kabisa.

JIBU: Hizo zinataka radiani, sio digrii. Pitisha pembe kwenye math.radians kwanza, ndo upeleke kwenye cos. Alafu kwenye y toa badala ya kujumlisha, kwa sababu ileile ya skrini hapo juu.

SWALI: Boriti yangu inazunguka vizuri ila daladala inagonga hewa, boriti iko mbali kabisa na gemu inasema imegongwa.

JIBU: Unalinganisha mistatili miwili, na nimeshasema mstatili wa boriti iliyoinuka digrii 45 ni mraba wa 156 wenye nafasi tupu kibao. Daladala imeingia kwenye hiyo nafasi tupu. Tumia mask, ramani ya pikseli zenye rangi tu bila nafasi tupu: tengeneza moja kwa pygame.mask.from_surface kwenye picha iliyozungushwa, sio ile ya asili, nyingine ya daladala, alafu overlap, inayoangalia kama mask mbili zimegusana, ikikupa None ujue hazijagusana. Kwenye overlap unaweka tofauti ya kona za juu kushoto za mistatili miwili, ya daladala kutoa ya boriti kama mask inayoita ni ya boriti. Kutengeneza mask kila fremu kunakula nguvu ya mashine, kwa iyo acha ule mtihani wa mstatili ubaki wa kwanza, mask uiite pale tu mistatili inapogusana.