Ufupisho: kwa nini alama zinapotea ilhali kifungu kimeeleweka

Pole, mwalimu. Umesema wanafunzi wako wanaelewa kifungu ila wanaanguka kwenye ufupisho; kosa mara nyingi ni maoni yao kuingia ndani. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari Kenya, ufupisho una alama 15, na nyingi ni za hoja zilizomo kwenye kifungu, si za mwanafunzi.

Wasome swali kwanza, kisha kifungu mara mbili, wakipigia mstari hoja zinazojibu swali hilo tu. Kwenye Matayarisho, yaani sehemu ya nakala chafu, kila hoja iandikwe kwa maneno machache. Mifano, takwimu, tamathali na marudio yatoke.

Tuseme kifungu kina: “Magugumaji yametanda ziwani kama zulia; mashua hukwama, nyavu huraruka, na wavuvi hurudi mikono mitupu.” Ufupisho: “Magugumaji yanakwamisha uvuvi.” Akiandika “Inasikitisha kwamba magugumaji...”, hilo “inasikitisha” ni lake. “Serikali iyaondoe” pia, kama mwandishi hakusema. Lakini mwandishi akilaumu, lawama ni hoja: “Mwandishi anailaumu serikali.”

Jibu liwe aya moja yenye viunganishi, maana mtiririko una alama zake. Wahesabu maneno: wakiombwa 60, hoja zilizo nje ya idadi hiyo zinaweza kupotea bure.