Re: Metal niliyoipenda sasa naiona kelele, nifute nyimbo zote?

Mkuu nimekusoma, zamani thrash na death metal (metal za kasi na za kunguruma) kutwa nzima, sasa zinakuchosha unasogea kwenye rock ya taratibu na washkaji zako hapo Mikindani wanakwambia umelainika. Wala hujaharibika, mimi niko Lindi yamenikuta hayohayo, na hata wanamuziki wenyewe wanabadilika, bendi ya metal ya Opeth ya Uswidi walijulikana kwa sauti ya kunguruma ila albamu yao ya 2011, Heritage, hawakuweka mngurumo hata kidogo, mashabiki wengine walinuna wengine wakawafuata hukohuko.

Usifute kitu bwana! Hamishia kwenye flashi weka pembeni, baada ya miezi kadhaa sikiliza albamu moja nzima ukiwa umetulia, fuatilia besi na drams badala ya spidi. Pia rudi kwenye mizizi, albamu ya 1970 ya bendi ya Black Sabbath, yenye jina hilohilo, ni nzito lakini inaenda polepole, nadhani itakukaa. Na Botswana kuna bendi za metal, Skinflint na Overthrust, watafute.

Ila hapo uliposema masikio yanapiga filimbi ukivua hedifoni usichukulie poa kabisa. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema sauti ya desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) usikilize mwisho masaa 40 kwa wiki, ukipandisha sauti zaidi muda huo unapungua haraka sana. Punguza volumu, yapumzishe, mlio ukigoma kuisha nenda ukaonane na daktari wa masikio, na sikio moja likiacha kusikia ghafla nenda hospitali siku hiyohiyo, usianze kujitilia matone ya dukani.