Maswali ya Anga: Vinavyojikokota na Vinavyolipuka

Mwezi huu wasomaji wamegawanyika: kuna wanaouliza kuhusu vijisayari vya mbali, na wanaouliza kuhusu nyota zinazolipuka. Nawajibu pamoja, maana wawindaji wa vyote viwili hutumia mbinu ileile: piga picha kipande cha anga, rudi upige tena, kisha tafuta kilichobadilika.

Wanajuaje kwamba kinukta fulani ni cha mfumo wetu wa jua, si nyota tu?

Kwa kusogea. Nyota hubaki mahali pake picha hadi picha. Cha kwetu kinahama. Clyde Tombaugh aliipata Pluto hivyo mwaka 1930 kule Arizona, akibadilishabadilisha picha mbili mbele ya macho mpaka akaona nukta inayoruka. Leo kompyuta ndiyo inayolinganisha. Na mwendo wenyewe unakwambia umbali, kwa kuwa sehemu kubwa yake hutokana na safari ya Dunia yetu: ukiwa kwenye basi la Morogoro, miti ya kando ya barabara inakupita mbio, ila milima ya Uluguru kule mbali inajivuta. Kinachojikokota kuliko vyote ndicho cha mbali kuliko vyote.

Mbona Farfarout, kijisayari cha mbali kuliko vyote vilivyojulikana wakati huo, ilionekana 2018 ikatangazwa rasmi 2021? Walikuwa wanaficha nini?

Hawakuficha kitu. Darubini ya Subaru, Hawaii, iliinasa Januari 2018. Iko mbali takriban mara 132 ya umbali wa Dunia na Jua. Picha za siku chache hukupa makadirio ya umbali, basi. Njia yake huijui. Kitu kinachochukua mamia ya miaka kulizunguka Jua huchora kijipande kifupi mno cha mzingo wake kwa wiki moja, na juu ya kijipande hicho unaweza kupitisha mizingo ya kila namna. Wagunduzi wake, Scott Sheppard, David Tholen na Chad Trujillo, walilazimika kukirudia mwaka hadi mwaka, kwa darubini za Hawaii na Chile. Ndipo likajulikana jambo ambalo kwangu ni tamu kuliko rekodi ya umbali: njia yake imerefuka sana, kiasi kwamba kuna wakati huingia ndani ya mzingo wa Neptuni. Huenda Neptuni ndiyo iliyokirusha huko nje. Vingi vya aina hii vimewahi kupotea kwa sababu hakuna aliyerudi kuvitazama kwa wakati.

2018 VG18 ni jina gani hilo?

La muda, la kijisayari kingine cha mbali kilichoonekana 2018. Herufi V ni nusu ya kwanza ya Novemba. G na 18 huonyesha zamu yake katika nusu mwezi hiyo. Sedna, kijisayari kingine cha mbali, ilianza kama 2003 VB12. Novemba tena.

Shikamoo mwalimu. Nyota zinazolipuka nazo hungojewa miaka?

Marahaba. Huko zinahesabiwa saa. Tarehe 19 Mei 2023, Koichi Itagaki wa Japani, mpenzi wa anga asiyeajiriwa kwa kazi hiyo, aligundua supanova, yaani nyota inayolipuka, katika galaksi ya M101, umbali wa miaka ya nuru milioni 21 hivi. Darubini kubwa ziligeuzwa upesi, kwani mwanzoni mwanga wa mlipuko huangaza gesi ambayo nyota iliitema kabla ya kufa, na baada ya siku chache mlipuko huifagia. Ukichelewa, ushahidi umekwenda. Baadaye wengine walikagua picha zao wakaikuta imo tayari! Pole zao, ila sifa ni ya aliyetazama na kutoa taarifa.

Nyota ya Betelgeuse ikilipuka tutapona?

Tutapona. Iko mbali mamia ya miaka ya nuru, na huenda isilipuke hata kwa miaka laki moja ijayo. Ilipofifia mwishoni mwa 2019, ilikuwa imefunikwa na vumbi lake yenyewe.

Niko Mtwara, sina darubini. Nitaona nini?

Vijisayari hivyo, hapana. Supanova, ikibahatika. Ile ya 1987 ilionekana kwa macho matupu katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu, ambalo Ulaya halichomozi kabisa. Wewe unaliona usiku wa Januari, upande wa kusini, mahali pasipo taa. Kama una intaneti, tovuti ya Zooniverse imewahi kuwapa watu wa kawaida picha za kuchambua, zikiwamo za supanova. Kazi haitaisha: kituo cha kutazama anga cha Vera Rubin, Chile, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025, kimeundwa kutoa hadi taarifa milioni 10 za mabadiliko kwa usiku mmoja.