Maswali na Majibu: Mahali pa Kulaza Mabehewa ya Treni za Mfano

Nimefikisha mabehewa 40 ya mizigo. Ninunue masanduku ya ukubwa gani? (Ohio, Marekani)

Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila anayeuliza husahau kutaja skeli yake, yaani treni yake ya mfano ni ndogo mara ngapi kuliko ile halisi. Behewa la futi 40 lina urefu wa sentimita 14 katika HO, yaani 1:87, lakini ni sentimita 7.6 tu katika N, yaani 1:160. Anayetaka jibu bila kutaja skeli ananitaka nipige ramli. Nitachukulia kuwa ni HO, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi huko uliko. Pima kutoka ncha ya kiungio cha mbele, kile kinachoshika behewa jingine, hadi ncha ya kiungio cha nyuma, wala si bodi peke yake, kisha uongeze nafasi ya vidole kila upande, kwa sababu behewa linalotoka sandukuni kwa kuvutwa paa hupoteza ngazi zake kabla ya mwaka kwisha. Mabehewa ya abiria ya futi 85 yanakaribia sentimita 30, kwa hiyo yatengee droo yao.

Kimo ndicho kinachosahauliwa zaidi. Behewa lenye makontena mawili yaliyopandana hufikia takriban milimita 71 kutoka juu ya reli, na droo iliyoyatosha mabehewa yako yote ya zamani italiparua siku ya kwanza. Fikiria pia uzito: NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, kinapendekeza kwamba behewa la HO liwe na aunsi 1, na nusu aunsi zaidi kwa kila inchi ya urefu wake. Behewa la inchi 6 basi ni aunsi 4, karibu gramu 113, na mabehewa 40 ya namna hiyo ni kilo nne na nusu. Droo ya plastiki nyembamba hupinda katikati kwa mzigo huo, na mabehewa yote huteremka na kugongana.

Behewa langu la abiria limekaa miaka 20 ndani ya boksi lake bila kuguswa. Juzi nimelifungua, sponji imeganda kwenye rangi. Nifanye nini?

Nimeliandika jambo hili hapa mara nyingi na nitaendelea kuliandika: kinachoharibu behewa lililohifadhiwa ni kile kinacholigusa. Watu huogopa vumbi, ambalo hufutika kwa brashi, huku wakivisha mali yao sponji ya polyurethane, ambayo huoza kwa unyevu na hewa hata boksi likiwa limefungwa, ikaanza kunata na mwishowe kuwa unga. Kwamba boksi ni la kiwandani si kinga, kwa kuwa kiwanda kilifungasha ili bidhaa ifike salama dukani, hakikuifungasha ikae miongo miwili.

Usikwangue kwa ukucha, na usiguse asetoni wala thina, kwani zote mbili huyeyusha plastiki. Ondoa kwanza kinachotoka chenyewe kwa brashi laini, kisha tumia kijiti chenye pamba kilicholoweshwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, ukianzia upande wa chini usioonekana ili ujue rangi itastahimili kiasi gani. Pengine alama zitabaki. Ukimaliza, tupa sponji yote uliyo nayo nyumbani, hata ile inayoonekana nzima, na uvishe mabehewa karatasi laini isiyo na asidi. Magazeti hayafai, kwa asidi na wino wake. Nailoni yenye vipovu ikigusa rangi moja kwa moja huacha miduara, na mifuko ya PVC laini hutoa kilainishi kinachoshikana na plastiki ya behewa. Boksi lenyewe litunze, maana wanunuzi wa vitu vilivyotumika hulithamini, lakini badilisha kilicho ndani.

Fundi wangu amejitolea kunitengenezea kabati la droo kwa mbao za mwaloni. Nikubali?

Mshukuru, umwombe atumie mbao nyingine. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi, ile ile iliyomo katika siki, kwa miaka mingi baada ya kukatwa, na mvuke huo ukifungiwa droo hushambulia madini ya risasi na kuyafunika unga mweupe. Ndiyo sababu makumbusho makini hayaweki vitu vya risasi katika makabati ya mwaloni. Wengi wenu mmeongeza uzito wa mabehewa kwa vipande vya risasi. Walioigandisha risasi hiyo kwa gundi nyeupe ya mbao wana hatari kubwa zaidi: risasi huliwa, huvimba, na hupasua behewa kutoka ndani. Wafungue mabehewa hayo mapema, wabadilishe gundi kwa epoksi.

Hapa niondoe uvumi mmoja, kwamba nyufa za zinki huambukiza behewa la jirani. Nyufa zinazotokea kwenye bodi za zinki za zamani hutokana na uchafu wa risasi ulioingia katika aloi wakati wa kuiyeyusha. Joto na unyevu huziharakisha, lakini haziambukizi, kwa hiyo usitupe behewa zima kwa sababu lililala karibu na lenye nyufa.

Naweza kusimamisha mabehewa wima ili kuokoa nafasi?

Hapana. Uzito wote huangukia kiungio.

Naishi Mombasa. Ekseli za chuma zinashika kutu ingawa nimeweka vifuko vya silika jeli katika kila droo.

Silika jeli ndani ya droo ya mbao inajaribu kukausha hewa ya Mombasa nzima. Tumia makasha ya plastiki yenye mpira wa kuziba kwenye kifuniko, weka ndani kipima unyevu kidogo, na ulenge asilimia 40 hadi 50. Jeli ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba. Ikaushe katika oveni kwa nyuzi 120, bila mfuko wa plastiki. Usiweke makasha hayo darini chini ya mabati.

Kila Jumamosi natoa mabehewa kwenye boksi na kuyapanga relini moja moja. Kuna njia nyepesi?

Ipo, na wapenzi wa Uingereza wameizoea. Gundisha juu ya ubao wa plaiwudi vipande viwili vya alumini vyenye umbo la L, ukiacha kati yao milimita 16.5, ambayo ndiyo nafasi kati ya reli za HO na za OO, skeli ya Waingereza. Alumini hiyo ndiyo reli na ndiyo nyaya za umeme. Treni huingia yenyewe, unaziba ncha zote mbili, unanyanyua ubao na kuuweka rafuni pamoja na treni yake. Ubao wa sentimita 80 hubeba mabehewa manne ya futi 40 na injini ndogo. Kizuizi cha ncha kiwe cha kufunga kwa skrubu, kisiwe cha kuchomeka tu, kwa sababu ubao ukiinama kidogo treni nzima iko sakafuni.

Nina mabehewa mawili ya abiria yenye taa za betri. Nayo yahifadhiwe vivyo hivyo?

Toa betri leo, kabla hujasoma gazeti lingine. Betri iliyosahaulika huvuja na kula mabano ya shaba yanayoishika, nayo hayatarudi.